Kungojea Taa ya Kijani

3 Machi

Mjukuu wangu,
Hujambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nimewatangazia wazee wenzangu kwamba siku ya wazazi chuoni kwenu nilivaa ile miwani inayoonyesha mgonjwa asiyekuwepo, nikamtoa damu mara moja tu, akanishukuru. Haya, uongo. Nilichoma godoro, damu ikaruka ukutani, mkufunzi wako akanivua miwani kwa heshima zote. Lakini wewe! Kila ukichoma, unapata mshipa, taa ya kijani inawaka humo miwanini. Nusura kifua changu kipasue shati. Mtihani wa mtu halisi je?
Babu yako, mchoma godoro

9 Machi

Shikamoo babu,
Magoti yametulia? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Nimeanguka mtihani. Nilimfunga mama mmoja mpira mkononi, nikashika sindano, nikaganda. Nilikuwa nangojea taa iwake. Akaniuliza, "Mwanangu, umeona nini mkononi humo?" Basi nikairudisha sindano kwenye trei. Nimebakiza jaribio moja. Nikikosa, narudia mwaka.
Mjukuu wako

14 Machi

Mjukuu wangu,
Pole. Nimecheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Kliniki inataka damu yangu wapime sukari. Nitakuja kuitolea kwenu, mkufunzi asimame pembeni. Sharti langu: unisemeshe. Ukinyamaza, naimba. Na ukimaliza, unanipa zamu nyingine ya miwani.
Babu yako, mwenye mkono usio na taa

27 Machi

Shikamoo babu,
Mkono niliokuchoma unaendeleaje? Leo, kwenye jaribio la mwisho, yule mama alikuja tena, akakunja mkono wa gauni mwenyewe. Nilimsemesha mwanzo hadi mwisho, kama ulivyonitaka. Nimefaulu.
Mjukuu wako

31 Machi

Daktari,
Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka fundi jirani akazima mashine yake asikie. Plasta yangu bado ipo. Bibi yako anaamuru niitoe, nami nakataa, kuna watu hawajaiona. Nawasimulia ulivyopapasa kwa kidole ukasema, "Babu, mshipa uko hapa. Nachoma sasa." Mkono wako ulitulia tuli. Aliyefumba macho ni mimi, ila hilo siwasimulii.
Sasa zamu yangu ya miwani. Yule mgonjwa wangu nilimwacha anavuja damu. Mwambie mkufunzi asizime mtambo, nakuja kumfunga bandeji.
Babu yako