Mfaransa Aliyempiga Mama Picha za Sinema

Mjukuu wangu Somoe,

Pokea salamu za huku Mandawa. Ufuta tumevuna, ila mguu bado unamsumbua babu yako.

Umeniuliza, wewe unayesomea filamu, kama niliwahi kumwona mwanamke mwenye kazi hiyo. Nilimwona mmoja, Mfaransa, alipokuja Nachingwea enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza. Alitaka kumpiga mama yangu picha za sinema akitwanga mtama. Mama akavaa kanga mpya, akasimama wima kama mbele ya mpiga picha wa sokoni, hata macho hapepesi. Majirani wakapiga kelele, "Twanga, mama!" Mfaransa akawanyamazisha, akaketi chini. Mkalimani alisema ndivyo afanyavyo kazi siku zote, hamwamrishi mtu. Mama alipochoka kusimama, akacheka, akashika mchi. Ndipo nikasikia kamera ikianza kunguruma.

Mama hakufika masika yaliyofuata. Picha zilikwenda Ufaransa, sisi hatukuziona.

Siku ukifika huko, zitafute. Kisha uniandikie sura yake ilivyokuwa. Kicheko chake bado nakisikia, lakini uso umenipotea.

Ni mimi bibi yako,
Binti Selemani