Kile Kisanduku Chini ya Jina

Jumatatu, 3 Machi
Kampuni mpya ya kompyuta imeanza kazi leo kwenye kliniki yetu ya meno. Kompyuta yangu hapa mapokezi inafunguka kabla sijakaa vizuri. Zamani uliiwasha, ukafagia, ukarudi — bado inajifikiria. Daktari anasema hawa wapya ni nafuu. Fundi wetu wa miaka yote, Mjomba Waya, ameachishwa kwa ujumbe wa simu. Hata kuagwa hakuagwa. Nesi akaanza, "Usiache mbachao..." Daktari akamkatiza: methali haiwashi kompyuta. Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Alhamisi, 6 Machi
Printa imegoma. Zamani ningempigia Mjomba Waya, angekuja na begi lake. Sasa unapiga, unapewa namba ya tiketi, unasubiri. Kijana wao alipofika, nesi alimbatiza papo hapo — Tiketi. Mpole, maskini. Anafuata alichoandikiwa.

Nimechelewa kutoka tena, majina mengine ilibidi niyaingize upya. Mwanangu Kifungo kalala bila kuniona. Mama mkwe alinipa mtoto, nikambeba vile vile alivyolala. Kichwa kinanukia sabuni. Saa hizi zangu hazimo kwenye unafuu wa daktari.

Jumatano, 12 Machi
Leo nimeshtuka. Namtafuta mzee mmoja kwenye kompyuta: jina lipo, simu ipo, jino lililong'olewa lipo. Chini ya jina, peupe!

Pale ndipo tulipoandika dawa inayomdhuru mgonjwa. Kisanduku chake halisi kiliharibika kabla sijaajiriwa, Mjomba Waya akasema andikeni hapa chini kwa muda, nitakuja kurekebisha. Muda ukawa utaratibu. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Tiketi kahamisha vyote alivyoonyeshwa, hiki akakiona cha porojo, akakiacha. "Dada, si mngesema," kaniambia, bila ubaya. Angesema nani? Jambo unalolifanya kila siku hukumbuki kuwa unalijua.

Nikamwambia daktari kompyuta ya zamani alipelekewa Mjomba Waya aifute, huenda bado anayo, tumpigie. Akavaa miwani yake. Waulize wagonjwa wenyewe, akasema.

Ijumaa, 14 Machi
Kutwa nauliza: kuna dawa inakudhuru? Mama mmoja kanitazama kama nimemkana. "Mwanangu, nawe? Nilikwambia, ukaandika mbele ya macho yangu." Kumbe walikuwa wanasahau kwa raha zao, kwa kuwa sisi tunakumbuka. Nimelifikiria hilo njia nzima. Lakini naamini tutawajua tena, mmoja mmoja.

Jumanne, 18 Machi
Naandika nikiwa hapa hapa kliniki. Bibi mmoja kamleta mjukuu, shavu limevimba mpaka jicho linafumba, homa juu. Nikauliza swali langu. Bibi akasema ipo dawa ilimbana pumzi mwaka juzi, nusura wampoteze. Ipi? "Mama yake ndiye anayeijua. Si alikuja hapa, mkaandika?"

Niliandika mimi. Nakumbuka mtoto alivyoing'ang'ania kalamu yangu. Jina la dawa — halinijii.

Simu ya mama yake haipatikani, yuko safarini. Daktari ana karatasi mbele yake, hajaandika. Nisipojua siandiki, anasema, na uvimbe huu si wa kungoja.

Nikampigia Mjomba Waya bila ruhusa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kompyuta ipo, binti yangu, sijaifuta. Ila mimi si mtu wenu tena. Siwezi kuchungulia wagonjwa wa mtu bila mwenyewe kuniambia. Aniambie yeye, kwa mdomo wake."

Nikaingia chumbani na simu mkononi, Mjomba yuko hewani. Daktari akauliza ni nani. Nikamwambia. Nilidhani kazi yangu imeishia pale. Akamtazama mtoto, akavua glavu moja, akavua ya pili, akachukua simu, akatoka nayo kwenye korido.

Namwona kwenye kioo cha mlango. Bibi ananiuliza kama tumeipata. Tunaitafuta, bibi, namjibu, na mtoto kaegemea goti langu, anaunguza. Daktari ana simu sikioni. Midomo bado imefungwa.