Baba, Ulikuwa Unamfuata Nani Mlimani?

Baba yangu,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Barua hii naiacha wazi, atakayeisoma aisome, kwa sababu nilikushtaki mbele ya watu na sitaki kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Mpelelezi. Nilikuwa na miaka saba, nikakunusa shati nikakwambia umekula kababu njiani na huku mama amekuwekea chakula. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sikubadilika, Baba. Nikinunua tende naifunua ya chini ya boksi kwanza. Mume wangu akichelewa kutoka Deira namuuliza amepita daraja gani. Basi fikiri hali yangu kiangazi kile, miezi saba baada ya kumzika mama, uliponiambia kwamba unakwenda kutembea kwa miguu katika milima ya Himalaya.

Wewe, uliyekuwa ukisimamisha teksi kwenda msikiti ambao adhana yake tukiisikia jikoni. Ulinionesha kijitabu cha rangi cha ile ofisi ya safari iliyokuwa chini ya jengo lenu, Bur Dubai. Kilisema mgeni atalala katika nyumba za wenyeji na kula nao jikoni, atawatazama watawa wakicheza ngoma ya vinyago, atavuka mito na vilima huku mizigo yake ikibebwa na punda. Mahali penyewe ni Ladakh, kaskazini kabisa ya India, kwenye bonde ambalo theluji hulifungia barabara miezi mingi ya mwaka. Nilikisoma mara mbili nikitafuta uongo. Mzee wa miaka sitini na tatu, goti bovu, akalale kwenye nyumba isiyo na bomba la maji, na kwa hiari yake? Nikajua hapa pana jambo.

Nilikusindikiza soko la Naif kununua masweta. Ulichukua mawili yako, ukachukua na jozi ya soksi za sufu za kike. Nilipokutazama ukasema ni zawadi ya wenyeji. Nikaziweka moyoni.

Ulirudi umekonda, midomo imepasuka, uso umeiva kwa jua, na una furaha. Furaha ile ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko soksi. Ijumaa, ulipokuja kwetu Al Qusais kula pilau na wajukuu zako kama kawaida, uliwamenyea machungwa huku ukiwasimulia jinsi watawa walivyovaa vichwa vya mafahali wakazunguka uani, na wewe umekaa juu ya paa na kopo lako la jodari kwa kuogopa nyama isiyo halali. Watoto walikuwa hawabanduki kwako. Mimi nilikuwa nakuangalia macho. Picha ulizosafisha zilikuwa za mawe, za punda na za mawingu. Hamna hata moja yenye mtu. Nani anakwenda kulala nyumba za watu wiki tatu asirudi na picha ya mtu?

Mwaka wa pili ukaenda tena. Wa tatu pia.

Ni baada ya ile safari ya tatu nilipolifungua sanduku la mama nizianike kanga zake na kuzifukiza udi. Kanga za mama zilikuwa doti kamili, wewe unajua, hakukubali kuvaa kiunoni moja na kichwani nyingine isiyolingana nayo. Nikakuta doti tatu ni nusu nusu. Moja moja, zimekunjwa vizuri, na mwenzake hayupo. Nikakaa chini. Mwizi angechukua zote. Mtu anayechukua kanga moja akaacha ya pili ni mwanamume, anayedhani hakuna atakayegundua. Nguo za mama yangu ziko juu ya mabega ya mwanamke mwingine, na mimi ndiye niliyemsindikiza baba yangu kununua soksi.

Hukujua kwamba nilikwenda mpaka ile ofisi ya safari. Mezani alikuwapo dada mmoja Mkenya, mpole, na nikajitia nataka kujua habari za bei. Kisha nikakutaja.

"Ah, huyo mzee tunamjua sana, madam," alisema. "Kila mwaka ni bonde hilo hilo, kijiji hicho hicho. Tukimwambia kuna Nepal, kuna kwingine pazuri, anakataa kabisa."

Nikamuuliza huwa unalala kwa nani. Akatabasamu, akafunga faili.

"Hiyo sasa siwezi kukwambia, madam. Hiyo ni siri ya mteja."

Siri. Nilitoka pale, habari za bei nimezisahau.

Ijumaa iliyofuata nilizitandika zile nusu tatu juu ya mkeka, pilau bado ina moto, shangazi yupo, mjomba yupo, watoto wanatazama. Nilikuuliza wenzake wako wapi.

"Ziko kwenye baridi," ulijibu.

"Nani anazivaa?"

"Hazivai mtu."

Nilidhani unanifanyia mzaha. Shangazi akaingilia kwa upole, akasema kama umeoa, kaka, sema tu, hukufanya haramu. Ulimtazama, ukanitazama, ukanawa mikono ingawa hujala, ukaondoka. Mtu asiye na hatia hujitetea, nilisema, na nilisema kwa sauti ili uisikie ukiwa unavaa viatu.

Tangu siku ile nikakukatia Ijumaa zako. Sikukualika, na watoto sikuwaleta. Ulisafiri mara mbili nyingine bila mtu wa kukusindikiza uwanja wa ndege. Kisha moyo wako ukasimama asubuhi moja ya mwezi wa pili, na nilipofika hospitali walikuwa wameshakufunika.

Agosti iliyofuata nikaenda Ladakh. Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Nilimwambia nataka kupumzika, nikajiandikisha kwa jina lake ili nisijulikane mimi ni nani, nikapewa kiti katika kundi lenye Waingereza wawili na mtu na mkewe kutoka Goa. Kichwani nilikuwa nimepanga swali langu kwa Kihindi changu cha madukani, na njia nzima nalirudiarudia.

Sitakudanganya, nilikuwa msafiri mbaya. Kiongozi wetu, mtu wa makamo, akisema tumebakisha saa moja, namuuliza ya nani. Chai yao ya chumvi na siagi niliinusa kabla ya kuinywa. Hewa ni nyembamba, kichwa kinagonga, na usiku wa kwanza nililala na soksi tatu. Lakini nilikiona ulichowasimulia watoto. Niliwaona watawa na vichwa vyao vya mafahali, nikakaa juu ya paa pengine pale pale ulipokaa.

Siku ya nne tukafika juu ya kilima cha mwisho kabla ya kijiji chako. Pale juu wenyeji hufunga vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua zao, mamia, upepo unavipiga. Na katikati yake nikaliona pindo la kanga ya kisutu. Nyekundu yake imepauka, imechanika, lakini kisutu cha mama ningekijua hata gizani. Pembeni yake nyingine. Ya zamani kabisa ilibaki ukanda tu.

Nikamuuliza kiongozi, nikijifanya sijui kitu.

"Hizo za mzee wa Dubai," alisema. "Tulimwambia sisi hapa tunaomba. Akasema yeye haombi hapa, dua zake ana pa kuzisomea. Anamleta mkewe apate baridi."

Nikakumbuka, Baba. Julai ile mama yuko kitandani, kiyoyozi cha chumbani kimekufa, fundi haji. Alisema amezaliwa jotoni, ameolewa jotoni, na sasa anakufa jotoni, laiti siku moja angesikia baridi mpaka meno yagongane. Mimi nilicheka. Wewe ulitoka chumbani.

Uliniambia kweli tupu mbele ya pilau, nikaiita mzaha. Na nimekwishajua kwa nini hukuendelea. Mke wa pili watu wangekupongeza tu. Lakini nguo ya marehemu kufungwa katikati ya dua za dini nyingine, wazee wenzako wangekuuliza kila baada ya sala mpaka ukimbie msikiti. Ukaona bora mimi nikudhanie vibaya. Na ile nusu uliyoiacha sandukuni nadhani hukuiacha kwa kutojua. Ulitaka ibaki na harufu yake.

Nililia pale juu. Kisha, kwa kuwa ni mimi, nikahesabu. Sandukuni mlikuwa na nusu tano. Kilimani zilikuwa nne.

Jioni tukafikishwa nyumba ya mwenyeji wako. Jina lake Dolma, mjane, umri wa mama, mashavu mekundu na meno mawili hana. Nilimkagua kuanzia kilemba mpaka miguuni. Alinimiminia chai, na kwa adabu za kwetu nikaimaliza, akajaza, nikaimaliza, akajaza, mpaka akashika mbavu kwa kicheko. Akasema hapa kikombe cha mgeni hakiachwi kikauke, ukishiba ukiache kimejaa, na kwamba kuna mzee mmoja wa Dubai naye nusura apasuke mwaka wake wa kwanza.

Nilipogeuka kuficha uso, nikaiona. Nusu ya tano, ile ya maua ya zambarau, imetundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Haijapauka. Imefuliwa, imekunjwa, inatumika.

Swali langu lilikuwa tayari mdomoni. Yeye akanitangulia.

"Una macho yake," alisema. "Mbona mwaka huu hakuja?"

Alikuwa hajui, Baba. Hakuna aliyefikiri kumpa habari, nani angefikiri. Ikawa mimi, kwa Kihindi changu kibovu, niliyemwambia. Alikaa chini karibu na meko, akaweka birika, akajifunika uso kwa ile kanga aliyoivuta mlangoni, akalia. Sijui alilia kilio cha jirani, cha rafiki au cha mke. Niliyekuwa nimevuka bahari na milima kwenda kuuliza nilikaa karibu yake, nikamshika mkono, na sikuuliza.

Kwa hiyo mpaka leo sijui. Uliniambia hazivai mtu, na moja ilivaliwa mbele ya macho yangu. Huenda ulimpa baada ya Ijumaa ile, siku ya baridi, basi. Huenda kuna zaidi. Bado linanikera, sitasema halinikeri. Lakini radhi yangu haingoji jibu. Kama ulimwoa, ulimwoa. Wajukuu walikuwa wako vilevile, na mimi niliwatumia kukuadhibu.

Na lipo moja ambalo hukulijua, wala shangazi halijui. Zile jioni ulizokuwa ukipiga simu ukitaka kusema nao, nikakwambia wamelala. Hawakuwa wamelala, Baba. Walikuwa wamekaa mbele yangu, wameisikia sauti yako, na mdogo alishanyoosha mkono.

Mungu akulaze pema. Unisamehe.

Mwanao, kifungua mimba wako