Kiti cha Kwanza

Shoga, dada amerudi kutoka kazini sasa hivi. Amekaa kitandani, fulana ya kampuni hajaivua. Kifuani imeandikwa TUNAJALI.

Si unajua kiwanda chao cha mabati leo kilikuwa kinagawa viti vya magurudumu hospitalini? Wiki nzima alikuwa na furaha. "Angalau na sisi tunafanya kitu cha maana," alikuwa akisema.

Basi akachaguliwa yeye kukabidhi kiti cha kwanza, kamera zote zinamtazama. Akaletwa nani? Fundi Kicheko. Yule aliyekuwa akifanya naye kazi mashine moja, ikamkata mguu, kampuni ikamwachisha kazi ikidai alizembea.

Nakwambia Kicheko mwenyewe.

Dada akaganda. Bosi akamnong'oneza, "Tabasamu, mama." Akatabasamu. Shoga, alitabasamu.

Kicheko akamshika mkono, akamwambia polepole, "Usilie, watakufukuza na wewe. Nisukume tu."

Akamsukuma. Watu wakapiga makofi.

Sasa ananiuliza kesho atapitaje pale getini. Nimeinama tu, namvua viatu.