Kidoa Katika Picha ya Mama

Idara ya Picha za Ubongo,
Chumba 14, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Goti lako linaendeleaje, au bado unapanda ngazi huku ukinung'unika? Mimi ni mzima, ila mafua ya kiyoyozi cha ofisini hayaniachi.

Asante kwa barua yako. Umesema mwalimu wa matamshi wa mama haji tena, na kadi zake za mazoezi umezipandisha juu ya kabati. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Tafadhali zishushe.

Aprili nilikuandikia kwamba nimepata sehemu ya ubongo inayoonyesha nani atarudiwa na usemi baada ya kiharusi na nani hatarudiwa, na kwamba katika picha ya mama, ile aliyopigwa hapa kabla hujamchukua, sehemu hiyo imefifia. Nikakushauri msimsumbue bure. Kichwa kilikuwa kimenivimba, Dada. Nilikosea.

Kosa lenyewe ni hili. Kompyuta hugawa picha ya ubongo ya kila mgonjwa wa utafiti wetu katika vijipande elfu sitini hivi. Kila kimoja nilikiuliza: unawatofautisha wagonjwa waliorudiwa na usemi na wale ambao hawakurudiwa? Nikakubali jibu lolote ambalo bahati tupu ingelileta mara moja tu katika elfu. Ukiuliza swali moja, hicho ni kipimo kikali. Ukiuliza mara elfu sitini, bahati peke yake inakuwashia vijipande kama sitini. Mimi nilipata sabini na kimoja, kadhaa vikiwa vimekusanyika kuwa kidoa palepale pa usemi, nikashangilia. Kukaza kipimo kulingana na wingi wa maswali ni jambo la kwanza tunalofundishwa hapa. Nililiahirisha kwa haraka ya kukuandikia.

Mkuu wetu, tunayemwita Chujio kwa sababu hakuna kinachopita kwake kirahisi, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Andika namba za wagonjwa kwenye vikaratasi, uvichanganye, ugawe makundi mawili kwa kura. Halafu pima tena."

Nikafanya hivyo. Kikawaka kidoa mahali pengine, kizuri kuliko changu, na makundi yenyewe ni ya kura! Chujio akacheka. "Haya, na hicho utamwandikia nani?" Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Nilipokaza kipimo inavyotakiwa, hakikubaki hata kijipande kimoja.

Usije ukaelewa kwamba mama atasema. Hilo silijui, na picha ile haijui. Daktari wake hajawahi kusema kwamba imeshindikana. Niliyesema ni mimi. Mwite mwalimu arudi wiki hii hii. Akiuliza kwa nini alisimamishwa, nitaje mimi, usinifichie aibu.

Msalimie shemeji, na wale pacha wako, na mama mdogo akipita hapo. Mungu awape nguvu na subira.

Mama usimpe salamu zangu. Msomee barua hii polepole mpaka mwisho, maana anasikia kila kitu. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, lakini hii miezi miwili ya kuachwa kimya nimempa mimi, na inaniuma. Akitaka kunitukana, mwalimu aanzie mazoezi hapo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba