Samli Usimwoneshe

Bado yupo, Perisi. Mama Agnesi bado yupo. Nilidhani kitovu cha mtoto kikishadondoka atarudi kwake Morogoro, lakini wapi, juzi kanunua ndala mpya za kuogea. Mtu wa kuondoka ananunua ndala?

Yohana ananiambia nimeanza bila salamu. Haya. Mbukwa, mdogo wangu, mnaendeleaje hapo Haneti? Lile sikio linasikia au bado? Uwele umekomaa? Na mbuzi wangu mwenye pembe moja, kazaa? Mimi mguu umepungua kuuma, dawa za hospitali zinasaidia, ila huku Chimwaga ni vumbi tupu na jirani hakusalimii mpaka umwanze wewe. Nimekuandikia maana kwenye simu lazima nikupigie kelele ndo usikie, na mambo haya si ya kupigia kelele, mwenyewe yuko hapo jikoni. Anayeandika ni mwanangu. Janeti wako akusomee polepole, na asiruke.

Sasa huyu mama. Simsemi vibaya. Ni mama mzazi wa mke wa mwanangu, kaja kumwangalia mwanawe aliyejifungua, ni haki yake. Lakini kaja na oveni! Ya umeme, kaipakata kwenye basi kama kichanga. Na kimfuko cha unga mweupe anauita soda. Anachota kijiko, anachanganya na unga wa ngano, sukari, mayai, siagi ya kopo, biskuti zinatoka zimevimba kama mashavu yake. Yohana anasema mashavu haandiki, yule ni mkwe wake. Nimemwambia andika, nani kakuzaa? Kaandika.

Na Nyemo, mjukuu wangu wa kwanza, niliyembeba mpaka mgongo ukapinda, anamwita yule "bibi biskuti". Mimi ananiita nani? "Bibi wa mguu."

Shule zinakaribia kufungwa. Siku zote nimekuwa nikimwambia Nyemo, likizo tunaenda Haneti, utaona ndama, utakula karanga mbichi shambani, bibi Perisi atakusuka. Basi juzijuzi nikamuuliza mbele ya watu, maana jibu nilishalijua. Nikasema, "Nyemo mama, likizo tunaenda wapi?" Mtoto kajibu, "Mimi naenda Morogoro kwa bibi biskuti." Perisi, nilishika kiti. Yule mama kajifanya anakunja nepi, lakini nilimwona, meno yote nje.

Nikasema haiwezekani. Na mimi nitapika.

Soda sina, na kumwomba yule siwezi, hata chumvi. Alipoingia kuoga nikachovya kidole kwenye kimfuko chake, nikaonja. Kumbe ni magadi! Magadi kabisa, yamesagwa tu vizuri. Nikacheka peke yangu. Si ninayo yangu, haya haya tunayotilia mlenda, nimekuja nayo yamefungwa kwenye kitambaa? Nikayatwanga, nikatia kama vile natilia chungu cha mlenda wa shughuli. Nikabandika sufuria kwenye jiko, mkaa chini, mkaa mwingine juu ya mfuniko. Weee! Zikatoka za njano, chungu, zimelala kama mavi ya ng'ombe. Nyemo akauma moja, akaniangalia. "Bibi, huu ni mlenda?"

Mama Agnesi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mama Yohana, basi tusongee na ugali kabisa!" Hata Agnesi na mshono wake alicheka, kashika tumbo. Siku hiyo sikula nao. Nilisema tumbo linauma.

Yule alipotoka kumpeleka mtoto kliniki na mwanawe, nikaanza upya. Safari hii sikutia magadi wala soda, wala kitu chochote cha kuumua. Nikatoa ile samli yako niliyokuja nayo, nikaimimina kwenye beseni na sukari, nikasugua kwa mwiko. Nikasugua, mkono unawaka, kila nikitaka kuacha naona yale meno, nasugua tena, mpaka ikawa nyeupe kama povu. Huko kusugua ndo kunaingiza upepo, soda ya nini? Nikatia kiini cha yai, na karanga zetu nimezikaanga nikazitwanga. Unga nikauweka mwisho, nikaukusanya tu, sikuukanda kama wa chapati, ungekuwa jiwe. Nikasukuma, nikakata kwa mdomo wa glasi. Moto nikauweka mdogo, chini na juu. Hazikuvimba, Perisi, siwezi kukudanganya. Nyembamba. Lakini ukiuma inavunjika yenyewe, inayeyuka, na harufu ya samli mpaka getini.

Waliporudi, Nyemo kala moja, kachukua nyingine. Halafu mtoto huyu, sijui kamrithi nani, kakimbia nayo kwa yule! "Bibi biskuti, onja, bibi wa mguu kapika!" Nikasema moyoni, tema basi, tema nikuone. Hakutema. Katafuna kafumba macho.

"Mama Yohana, umetia nini humu?"

"Sijatia kitu."

"Hata soda?"

"Soda ya kazi gani?"

Hapo nilikuwa juu, mdogo wangu, nilikuwa juu ya bati. Nikamgeukia Nyemo. Likizo wapi? "Haneti!" Nikafungua mdomo nipige kigelegele, ndo mtoto anamalizia, "Na bibi biskuti naye aje, akaone samli." Yule mama, bila haya, "Mimi nitakuja, Agnesi ameshapata nguvu. Nataka nione inavyotengenezwa." Nani kamwalika? Ningesema nini mbele ya mwanangu? Nikasema karibu.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Shule zikifungwa tunakuja watatu. Yule mama mlaze kwenye kile kitanda kinacholia. Chakula mpe kizuri, kuku mchinjie, asije akatutangaza Morogoro. Lakini maziwa uyatikise kabla hajaamka, na kibuyu cha kutikisia ukifiche uvunguni. Akiuliza samli, mwambie tunanunua mnadani. Perisi, oveni anayo. Soda anayo. Akiijua na samli, mimi nitabaki na nini? Mguu.

Yohana anacheka. Wewe andika.

Msalimie mumeo, shemeji yangu, mwambie kifua akifunike asubuhi. Msalimie Janeti anayesoma hapa, na wifi yetu Marita, ila yeye usimwambie habari ya mlenda, mdomo wake haufungi. Ile samli iliyobaki nimeimalizia leo, nimebandika biskuti nyingine hapo jikoni, Nyemo kazitaka yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, nataka hilo lifike.

"Mama Yohanaaa! Naona huku pembeni zinaanza kuwa nyekundu, nitoe au niache?"

Umemsikia? Kaingia kwenye sufuria yangu! Mama Agnesi, usiguse! Funika! Yohana, andika dada yako Damari, basi inatosha, nipe fimbo yangu nipite.