Shangazi Kaiosha Treni Yangu

Shoga, shangazi kaiosha treni yangu! Kaiosha! Kwa sabuni na brashi ya viatu!

Ile ndogo ya mfano, ya makaa ya mawe, niliyoipaka masizi na rangi ya kutu ifanane na zile alizoendesha babu. Sasa inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Namuuliza, ananijibu, "Mwanangu, kesho wanakuja wazazi wa mchumba wako. Wakute uchafu? Na hayo madude ya watoto yaondoe sebuleni."

Madude ya watoto! Stesheni nzima niliyoijenga kwa mikono yangu!

Nikamwambia, "Shangazi, reli haing'oki. Anayenitaka atanikuta nayo."

Kanuna, na anune.

Naipaka masizi upya. Kesho mlango nafungua mwenyewe, na mkono nitawapa huuhuu mweusi.